Gari la Zimamoto Tuliloogopa Kulizima

Tangu nirudi Kolwezi sijamaliza soda yangu kwa amani. Nikikaa tu, mtu anavuta kiti na kuuliza habari za gari la zimamoto: "Tata Mwepu, kamyo iko mupya, na mulikawia vile juu ya nini?" Nimeeleza mpaka maelezo yameanza kuzaa maneno mengine huko mbele. Juzi nilimsikia jirani akisimulia kwamba tulikimbizwa na tembo. Tembo tuliwaona, ndiyo, kule Mikumi, lakini walikuwa wanakula majani yao na hawakutugeuzia hata sikio. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache ninywe.

Kwa asiyejua: kikosi chetu cha zimamoto kilikuwa na gari moja tu, na gari hilo tuliliita Nkambo, kwa sababu kwa umri wake lilistahili heshima ya babu. Stata yake ilikufa zamani. Kila siku tuliliegesha kwenye mteremko likitazama chini, na likiitwa kazini tunalisukuma mpaka liwake. Likishawaka, hakuna aliyethubutu kulizima kabla ya kurudi kwenye mteremko wake.

Kiangazi kilichopita soko la Manika lilishika moto, na Nkambo siku hiyo lilikuwa mahali tambarare, kwa kuwa mteremko wetu ulikuwa unachimbwa mtaro. Lilikataa kuwaka. Tulilisukuma kutoka kambini hadi sokoni, na tulipofika, vibanda vilikuwa vimekwisha. Mama Zawadi, muuza vitenge mnayemfahamu nyote, alikuwa amesimama mahali kibanda chake kilipokuwa. Akatutazama tulivyoloa jasho, akasema mbele ya soko zima: "Aksanti. Mumekuya kuzima majivu."

Tangu siku ile simu yetu haikulia. Nyumba ikishika moto, watu walibeba ndoo na mchanga, wakaitana wao kwa wao. Kwa hiyo mji ulipopata gari lingine, lililotumika Ulaya lakini zima, na mimi na Tata Kabamba, mkuu wetu, tukatumwa kulichukua Dar es Salaam, mwenzenu nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nilitaka watu wa Kolwezi watuite tena. Gari la zimamoto lisiloitwa na mtu ni pambo la sherehe, na mimi sikuzaliwa kuendesha pambo.

Dar es Salaam hadi Mbeya

Mambo ya bandari na mihuri nayaruka. Anayependa mihuri akaulize ofisini.

Gari lilikuwa jekundu hasa, lina ngazi juu na mipira ya maji iliyoviringwa vizuri ubavuni. Niligeuza ufunguo likawaka palepale. Tata Kabamba alivua kofia. Nami nikavua yangu.

Fundi wa yadi, Mtanzania mcheshi, alituonyesha kila kitu, kisha akasema, "Haya, zima sasa, wazee wangu. Mnamaliza mafuta."

"Wacha iwake," Tata Kabamba akamjibu, na macho yake tayari yalikuwa yanazunguka yadi kutafuta mteremko. Yadi ile ilikuwa bapa kama meza. Fundi alipoelewa tunatafuta nini, alicheka akashika kiuno. "Mzoea punda hapandi farasi!" akasema. Tata Kabamba hakukasirika. Alimwambia tu kwamba punda wetu alitulisha miaka mingi.

Tukatoka na injini ikiwaka, na haikupumzika tena.

Sasa shida ya barabara. Gari letu lina usukani upande wa kushoto, kama magari ya kwetu, na Watanzania wanapita kushoto. Maana yake dereva, yaani mimi, nakaa karibu na mtaro, na lori likiwa mbele sioni kitu ila mgongo wake. Anayeona ni mwenzangu wa kulia. Tukapatana: yeye macho, mimi miguu. Ila Tata Kabamba ni mtu wa tahadhari. "Bado," alisema. "Bado. Ngoya. Bado." Hiyo "bado" ilianza Chalinze ikaisha Morogoro. Njia nzima tulifuata lori la vitunguu, mpaka hata mashati yetu yakanuka kachumbari.

Pale Morogoro uvumilivu ukanishinda, nikapiga king'ora. Raha iliyoje! Malori yakasogea, pikipiki zikakimbilia pembeni, na Tata Kabamba mwenyewe akakaa wima kama bwana harusi. Raha ikaisha mbele kidogo, askari wa barabarani aliponyoosha mkono.

"Moto uko wapi?" akauliza.

"Kolwezi," Tata Kabamba akajibu, kwa sababu hajui kusema uongo.

"Kolwezi ndiyo wapi?"

"Congo, tata."

Askari akatutazama, akalitazama gari, akaanza kucheka. "Basi kimbieni, wazee. Mtakuta majivu!"

Yeye alitania tu, angejuaje? Lakini king'ora sikukigusa tena.

Mbeya tulilala nyumba ya wageni iliyo kwenye kilima. Tata Kabamba alifurahi kuona miteremko kila upande, kama mtu aliyefika kwa wajomba. Akaniegeshesha gari likitazama chini, na bado akakataa nilizime. "Muteremuko ni akiba," akasema, "lakini motere yenye inawaka ni hakika." Wasichana wa jikoni walimwamkia "Shikamoo" kwa magoti, naye akawajibu "Aksanti sana, na weye pia," wakakimbilia ndani kucheka. Walituletea ugali mweupe na maharage ya nazi. Mzee alikula wote, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hii ni bukari ya wagonjwa, haina muhogo ndani, haitafika hata Tunduma.

Mwenye nyumba alikuja kutuuliza kwa adabu kama gari linaumwa. Nikamwambia haliumwi. "Mbona basi linanguruma muda wote?" Wageni wake walikuwa wanalalamika. Tukaomba radhi, tukalisogeza mbali na nyumba, tukalala ndani yake, mimi nimejikunja kitini na mzee amekumbatia mpira wa maji.

Tunduma, Mpika na tanuri la Ba Mulenga

Foleni ya malori Tunduma wanaoijua hawahitaji kuambiwa. Tulisogea urefu wa gari moja, tukasimama, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukasogea tena. Injini ikiwaka. Madereva wengine walizima magari yao, wakatandika mikeka chini ya matela, wakapika. Mmoja aliniuliza kama tunapasha moto maji ya kuoga.

Mshale wa mafuta ulikuwa unashuka, na niliuona. Lakini mshale wa Nkambo ulikuwa mwongo tangu zamani, ukionyesha tanki tupu wakati limejaa na limejaa wakati ni tupu, nasi tulizoea kutousikiliza. Huu wa gari jipya, maskini, ulikuwa unasema kweli mbele ya watu waliozoea kudanganywa. Tuliupuuza Nakonde tulipoingia Zambia, tukaupuuza Isoka, na tulipopita Mpika, katikati ya msitu, gari likakohoa mara mbili likanyamaza.

Ukimya ule, jamani. Tangu Dar tulikuwa hatujasikia ndege.

Upande mmoja wa barabara kulikuwa na moshi. Watu walikuwa wanachoma makala, yaani mkaa, na walipoona gari jekundu la zimamoto limesimama na wanaume wawili wenye sare wakishuka, wakadhani serikali imekuja kuwazimia tanuri. Walilitupia udongo haraka haraka, wakatawanyika msituni. Tukabaki tunatazama majembe yaliyoachwa chini.

Tata Kabamba ana Kibemba cha kutosha, alichokipata kwa mama yake. Akasimama kando ya tanuri akaita kwa salamu yao, "Mwapoleni mukwai!" Akaita tena, akaeleza kwamba sisi hatuzimi kitu, kwamba hata gari letu wenyewe limezimika. Kichwa kikatokea nyuma ya mti, halafu kingine. Wa kwanza aliitwa Ba Mulenga. Alipoelewa kwamba wazimamoto wameishiwa dizeli msituni, alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Walitupa nshima, ugali wao, na viwavi vya kukaanga, na hapo Tata Kabamba akapata amani ya moyo, maana viwavi vile ni vile vya kwetu. Ba Mulenga alisimamisha lori la mahindi ambalo dereva wake ni mteja wake wa makala, nalo likatugawia dizeli ya kutufikisha mjini. Tulitoa hewa kwenye mabomba, mikono ikanuka dizeli mpaka Ndola, na gari likawaka.

Mimi nilidhani tumejifunza. Nikamwambia, "Tata, tungelizima kule Tunduma, hatungekwama."

Akanitazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Uliona vile ilikatala? Ikizimika tu, ni mateso. Tusizime tena hata kiloko."

Unambishia nini mtu kama huyo? Aliyeumwa na nyoka akiguswa na jani hushtuka.

Kasumbalesa: abiria wa tatu

Mkivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Congo, magari yanahamia kulia, na mimi nikarudishiwa macho yangu. Nilipita lori la kwanza bila kuuliza mtu. Nilipita la pili. Tata Kabamba alisema "bado" kwa mazoea nami nikapita la tatu.

Nilikuwa nimejaa furaha hiyo tuliposimama kununua maji, injini ikiwaka, na mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi la abiria waliokuwa wameketi juu ya mizigo kando ya basi dogo lililofunguliwa boneti. Nilimtambua kabla hajafika. Ningependa kusema nilisimama imara. Ukweli ni kwamba nilijaribu kujificha nyuma ya mlango wa gari.

"Tata Mwepu," akasema Mama Zawadi. "Njo hii kamyo?"

"Njo hii, mama."

Akalizunguka lote, polepole, kama anavyokagua kitenge akitafuta uzi uliokatika. "Na inatembea yenyewe?"

"Imetembea yenyewe toka Dar," nikasema. Sikuona sababu ya kumtaja Ba Mulenga.

"Basi yetu imekufa. Niko na mabalo mbili ya bitenge. Mutanibeba mpaka Kolwezi?"

Tata Kabamba alikuwa tayari anapandisha mzigo wa kwanza. Alimpa kiti chake cha dirishani, akakaa yeye katikati, magoti kidevuni. Mpaka Lubumbashi Mama Zawadi alikuwa ametugeuzia bega, akitazama nje. Pale tulikula bukari ya kweli, yenye muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na samaki, na Mama Zawadi akatuongezea mchuzi bila kuulizwa. Nilijiambia huo ni mwanzo mzuri. Lakini tukiwa tunanawa mikono akauliza ni nani anayelilinda gari huko nje.

"Hakuna," nikasema.

"Muliacha inawaka? Yenyewe tu?"

Tukakimbia wote watatu.

Likasi, Fungurume, na ufunguo

Tuliondoka Likasi asubuhi njema. Kabla ya Fungurume tukakuta mkia wa malori yasiyosogea, ya shaba, ya tindikali, ya chokaa. Lori moja lilikuwa limelala ubavu huko mbele, na mabamba ya shaba yalikuwa yamemwagika barabara nzima. Dereva wake alikuwa mzima, Mungu asifiwe, ila lazima winchi itoke mgodini. Jua likapanda. Vumbi jekundu likatua kwenye vioo. Wauza karanga walipita, wakarudi, wakapita tena, na sisi bado tunanguruma.

Mama Zawadi alikuwa akitazama mshale wa mafuta. Mwishowe akasema, "Mi nauliza tu. Juu ya nini hamuzime motere?"

"Mama," Tata Kabamba akajibu, "kama nazima na inakatala kuwaka?"

"Hii ni mupya."

"Nkambo pia ilikuwa mupya siku moya."

Kisha Tata Kabamba akaanza kusema, akitazama mbele kwenye vumbi. Alisimulia siku ya soko. Alisimulia jinsi tulivyokuwa tumekwisha kuvaa na kupanda kabla mtu yeyote hajaja kutuita, kwa kuwa tuliuona moshi wenyewe. Jinsi tulivyosukuma likakataa, tukasukuma tena likakataa. "Tulisukuma mpaka ku soko," akasema. "Mi nilisukuma. Uyu Mwepu alisukuma, viatu bikabaki mu njia. Tulikuwa tunasikia munalia kule, na hatufike."

Mama Zawadi aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akasema, "Mi nilizani mulikuwa munalala."

"Hatukulala, mama."

"Batu bote ba soko balizani mulikuwa munalala. Ao mumelewa."

Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu kana kwamba tunaenda mbio. Mwaka mzima nilitaka kumweleza mtu jambo hilo, na nilikuwa sijapata wa kunisikiliza. Nilisikia machozi yananijia nikayaacha.

Mama Zawadi akainama, akapitisha mkono mbele ya Tata Kabamba, akafika kwangu, akageuza ufunguo. Gari likazimika.

"Mama!" Tata Kabamba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umetuua!"

"Tutaona," akasema, na akachomoa ufunguo akautia ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hakuna mwanamume ambaye angeufuata.

Kukawa kimya. Tukasikia mtu akipiga soga kwenye lori la nyuma, na mbuzi fulani huko vijijini. Mama Zawadi alifungua kikapu chake, akatoa mihogo ya kuchemsha na karanga, nasi tukala, yaani mimi na yeye tulikula. Mzee alikaa akitazama ufunguo usiokuwepo. Kila mara alishuka, akalizunguka gari, akaligusa kwenye boneti kama anayepima homa ya mtoto, akasema, "Inaanza kupoa."

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea malori ya mbele yalipowasha. Mlio ulikuja kutoka mbali, lori baada ya lori, mpaka ukatufikia. Mama Zawadi akatoa ufunguo, akanipa. "Washa."

Nikaingiza ufunguo. Tata Kabamba alifumba macho, midomo ikienda, na najua alikuwa anamwomba Bikira Maria maana nilisikia jina. Nikageuza.

Liliwaka kabla sijamaliza kugeuza.

"Zima," Tata Kabamba akasema, macho bado yamefumbwa.

"Tata, batu banatungoya huko nyuma."

"Zima, Mwepu. Halafu uwashe."

Nikazima, nikawasha. Akasema tena. Madereva wa nyuma walipiga honi na kututukana kwa lugha zote za Katanga, na sisi tunazima na kuwasha, tunazima na kuwasha, mzee akicheka na kufuta macho kwa kofia, Mama Zawadi akipiga makofi. Kuanzia hapo mzee alikuwa anatafuta visingizio vya kusimama. Njia panda ya Tenke tulisimama kununua nyanya ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kolwezi

Tulipokewa Manika kwa hotuba, kwaya na fanfari ya tarumbeta, mlikuwepo, sina haja ya kuwasimulia. Nitaandika tu yale ambayo wengine hamkuyaona kwa sababu mlikuwa mbele na wakubwa. Hotuba zilipokwisha na mimi nikapanda kulipeleka gari kambini, wanaume kama kumi na kitu walitoka kwenye umati bila kuambiwa na mtu, wakapanga mstari nyuma, wakaweka mikono, tayari kusukuma. Ndivyo Kolwezi inavyojua gari la zimamoto. Niliwasha, likaondoka, na wawili wakaanguka kifudifudi.

Watu walicheka vizuri. Lakini kicheko si simu. Wiki ikapita. Tulilisafisha gari, tukajaza tangi, tukafanya mazoezi kule Musonoi kando ya mashimo ya mgodi huku wachimbaji wakitushangilia. Simu ilikaa kimya. Siku moja jiko la mtu lilishika moto nyuma ya kanisa, nasi tukaja kusikia kesho yake kwamba majirani walilizima kwa mchanga. Niliumia kuliko nilivyoumia mwaka mzima wa Nkambo. Wakati ule tulikuwa na sababu.

Kisha mchana mmoja, upepo ukivuma, simu ikalia. Nilishika ile simu kama samaki anayetaka kuniponyoka.

"Tata Mwepu! Moto! Iko ku soko, kwa mushonaji! Mukuye, mukuye mbio!"

Ilikuwa sauti ya Mama Zawadi. Hakuuliza kama tutaweza kufika. Alikata tu, kama mtu anayejua tumekwisha kutoka, na kweli tulikuwa tumekwisha kutoka.

Sokoni watu walituvutia meza pembeni tukapita hadi ndani. Pasi ya makala ya fundi cherehani ilikuwa imemwaga kaa juu ya vitambaa, kibanda chake kilikuwa kinawaka chote, na ndimi zilikuwa zinalamba mbao za jirani. Jirani ni Mama Zawadi. Tata Kabamba akashika mpira. Maji ya Nkambo yalikuwa yanatoka kwa kudondoka. Haya yalitoka kwa hasira, yakamrudisha mzee hatua kadhaa, yakazima kibanda cha fundi, na kabla hajamudu kuyageuza yakaingia kwa Mama Zawadi kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Hakuna kilichoungua kwake. Ila hakuna kilichobaki kikavu.

Alitoka akiwa ameloa kuanzia kitambaa cha kichwa. "Kabamba! Uko unaona kweli? Bitenge byangu byote! Byote! Nilikuita uzime moto ao uniogeshe?" Alitutukana, akatutukania wajomba, akatutukania na Ulaya iliyotengeneza gari lile. Soko zima lilikuwa linacheka, fundi cherehani naye alikuwa anacheka huku analia. Na mimi nilisimama katikati ya matope nikisikiliza matusi yale kwa raha, kama mtu anayesikiliza kwaya ya Pasaka.

Nikawasha gari tuondoke. Mama Zawadi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Muko munaenda wapi? Fungua ile ngazi. Hamutoke hapa mpaka bikauke."

Tukainua ngazi. Tukatandika vitenge juu yake, juu ya kabati la mipira, juu ya vioo, mpaka gari halikuonekana tena wekundu wake. Tata Kabamba aliwekwa kuvilinda. Wateja walianza kuja kuangalia, wakavishika, wakauliza bei, na cha kwanza kiliuzwa kikiwa bado kinadondosha maji.